Kijiji cha watu 0 kina haki ya kuwa na meya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Kwenye magrupu ya watsapu inazunguka habari ya vijiji vya Ufaransa ambavyo sensa inaonyesha wakazi 0 na bado vina meya, watu wanacheka eti anamwongoza nani, hela za walipa kodi zinaliwa bure. Mimi naishi Metz, si mbali na huko, na kicheko hiki kinaniuma.

Vijiji hivyo ni sita, vyote viko karibu na mji wa Verdun, kaskazini mashariki mwa Ufaransa. Chukua Fleury-devant-Douaumont, kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia kilikuwa na watu 422, kina shule, kina kanisa, kina duka la mikate. Februari 1916 Wajerumani wakaanza kupiga mizinga, wanakijiji wakaambiwa ondokeni, wakabeba walichoweza wakaenda. Kiangazi kile kijiji kilitekwa na kukombolewa mara 16 mpaka hakikubaki hata ukuta. Vita ilipoisha watu wakakatazwa kurudi kujenga maana ardhi imejaa mabomu, sumu na mifupa ya askari, ikapandwa miti tu. Ila serikali ikasema kijiji hakifutwi, kikatangazwa kimekufa kwa ajili ya Ufaransa kama anavyotangazwa askari. Meya anateuliwa na prefe, mwakilishi wa serikali, kwa kuwa wapiga kura hawapo, na kazi yake ni kutunza kikanisa na vibao vinavyoonyesha hapa palikuwa shule, hapa kwa muoka mikate, na kuwapokea vitukuu wa wale 422 wanaokuja kukumbuka wazee wao.

Sasa hapo cha kuchekesha kiko wapi? Kijiji kingine, Rochefourchat kule Drôme, kusini mashariki mwa Ufaransa, kwa miaka mingi sensa iliandika mkazi 1, lakini huko watu walihama wenyewe pole pole kutafuta maisha, Fleury walitolewa na mizinga, hizo hesabu mbili hazifanani kabisa. Halafu Waafrika wenzangu mnaocheka, ngome ya Douaumont hapo jirani ilikombolewa tarehe 24 Oktoba 1916 na waliopigana ni pamoja na Wasenegali na Wasomali waliotoka Djibouti!

Mhariri, mkiandika tena habari hii nawaomba myaweke majina yote sita: Fleury, Beaumont, Bezonvaux, Cumières, Haumont na Louvemont.

Msomaji wako,
Metz, Ufaransa