Barua kwa Mjomba Kuhusu Zile Nyimbo za Kiangazi

Shikamoo, Mjomba.

Uliposema kwamba nyimbo za kiangazi za enzi za mwanzo za rock and roll ni za vijana wa Kimarekani walioshiba na kujilaza ufukweni, nilinyamaza kwa heshima. Sasa naomba ruhusa nikupinge kwa maandishi. Nazipenda kama unavyozipenda wewe, ila naamini kilichozidumisha si jua bali ni kunyimwa.

Chukua “Summertime Blues”, aliyoirekodi Eddie Cochran mwaka 1958 akiwa na umri wa miaka 19, baada ya kuitunga pamoja na meneja wake, Jerry Capehart. Kijana wa wimbo huo hapumziki hata kidogo: anataka kutoka na msichana wake, bosi anamwongezea saa za kazi, anasingizia ugonjwa, wazazi wanamnyima gari kwa sababu hakwenda kibaruani, anapeleka malalamiko kwa mbunge wake, na mbunge anamjibu kwamba angependa kumsaidia lakini yeye kijana hajafikia umri wa kupiga kura. Ile sauti nzito ya wakubwa wanaokataa ni ya Cochran mwenyewe, na hapo ndipo utamu wote ulipo, kwa kuwa aliyenyimwa ndiye anayewaigiza waliomnyima. Jibu la mbunge nalo halikuwa mzaha mtupu, maana katika majimbo mengi mtu alilazimika kufikisha miaka 21 ndipo apige kura, hadi katiba ilipobadilishwa mwaka 1971 umri ukashushwa kuwa 18. Cochran hakuyaona mabadiliko hayo. Alifariki Aprili 1960 kwa ajali ya gari nchini Uingereza, akiwa na miaka 21.

Sisi ambao likizo zetu za shule hukatwa vipande vipande huenda tusiuone uzito wa mapumziko marefu ya Marekani, yanayoanza karibu na Juni na kuendelea hadi Agosti au Septemba mwanzoni. Kwa wapenzi waliokutana darasani, huo ni msimu wa kutengana. The Tempos waliimba “See You in September” mwaka 1959 wakiwa na hofu kwamba mpenzi ataibiwa kabla shule haijafunguliwa, na mwaka 1962 Brian Hyland, katika “Sealed with a Kiss”, akaahidi barua kila siku. Jua analiona, lakini halimfai kitu.

Hata “Under the Boardwalk” (yaani chini ya njia ya mbao ya ufukweni) ya The Drifters, ambayo najua ndiyo uipendayo kuliko zote, ilirekodiwa Mei 1964, siku moja tu baada ya kifo cha Rudy Lewis, mwimbaji aliyekuwa akiongoza kundi hilo. Johnny Moore ndiye aliyeshika nafasi yake. Isikilize tena, Mjomba, uone jinsi anavyoimba kwa utulivu, bila kujilazimisha kuchangamka.

Nakubali kwamba “Surfin' U.S.A.” ya kundi la Beach Boys, wimbo wa mwaka 1963 kuhusu kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, ni raha tupu kama ulivyosema. Lakini tuni yake imetoka katika “Sweet Little Sixteen” ya Chuck Berry, ya mwaka 1958, na mimi bado naona ya Berry ina moto zaidi. Ukinijibu, tafadhali anza na Cochran. Hao wa mawimbini tutabishana juu yao siku nyingine.

Mpwa wako.