Vumbi la mgodini halisababishi TB, naomba mliandike sawasawa

Mhariri, salaam. Naomba nafasi kwenye safu ya barua za wasomaji, nna jambo linanikera muda mrefu kuhusu kurasa za afya, na siyo kwenye gazeti lenu tu, redioni na huku mitandaoni ni hivo hivo. Madaktari wetu wana neno moja la Kiingereza liko mdomoni kutwa, predispose, utawasikia "kisukari kinam-predispose", "pombe inam-predispose", mwandishi anaandika kwenye daftari lake halafu kesho nafungua gazeti nakuta "kisukari husababisha TB". Daktari hakusema hivo jamani! Alisema kisukari kinamfanya mtu awe mwepesi wa kuugua TB, na hayo ni mambo mawili mbalimbali.

Nachukua TB kwasababu ndo naona inaumiza watu wengi zaidi. TB inasababishwa na bakteria, yule ambaye daktari wa Kijerumani Robert Koch aliwatangazia wenzake kule Berlin tarehe 24 Machi 1882, na ndo maana Siku ya TB Duniani tunaiadhimisha tarehe hiyo. Bila bakteria huyo hata uvute pakiti ngapi za sigara kwa siku TB huipati, utapata mengine. Lakini kuwa naye tu mwilini nako hakutoshi, maana Shirika la Afya Duniani linasema karibu robo ya watu wote duniani wameshaambukizwa na kati ya hao wanaokuja kuugua maishani mwao ni kama asilimia 5 mpaka 10, waliobaki kinga ya mwili inambana wanaishi mpaka uzee hawana habari. Sasa ni nani ataugua na nani atapona hivi hivi, hapo ndo yanaingia mambo ya VVU, lishe duni, kisukari, sigara, pombe na vumbi la mawe. Wataalamu wana neno zuri kabisa la Kiswahili, vihatarishi, sijui kwanini likifika chumba cha habari linageuka kuwa visababishi.

Mtu anaweza kusema mama wewe unakomaa na maneno tu. Sikilizeni basi. Huku kwetu kaskazini vijana wengi wanaenda Mirerani kutafuta Tanzanite, kule chini wanachoronga na kulipua mwamba, vumbi jepesi lenye silika, yaani madini yaliyomo kwenye mawe, linaingia kwenye mapafu linayatia makovu, na mapafu yenye makovu TB inayakamata kirahisi kuliko ya mtu mwingine. Huo ndo ukweli wake. Mtaani lakini unafika umeshakatwa kichwa, "vumbi linaleta TB". Kuna jirani yangu mume wake amerudi toka machimboni anakohoa, amekonda, usiku shuka linalowa jasho mpaka analibadilisha, wanalala chumba kimoja na watoto wawili na yule mdogo bado ananyonya. Nikamwambia, "mdogo wangu, baba yao akienda kupima makohozi wapeleke na hawa watoto." Akanijibu kwa upole tu, "dada, hawa hawajawahi kuingia mgodini, ya baba yao ni ya vumbi, nimesikia redioni."

Na kwa alichoambiwa yuko sawa kabisa! Vumbi haliambukizi. Kama chanzo ni vumbi basi mtoto aliyelala kifuani kwa baba yake yuko salama, mke yuko salama, na wale vijana anaokaa nao kwenye kibanda cha kahawa wako salama. Aliyekosea siyo yule mama, ni aliyemtangazia. Mtoto wa chini ya miaka 5 anayekaa nyumba moja na mgonjwa wa TB ya mapafu yeye mwenyewe ni mwepesi sana wa kuugua, anatakiwa awe wa kwanza kuchunguzwa, akikutwa hana ugonjwa apewe dawa za kinga, na kwenye vituo vya serikali huduma hiyo ni bure.

Madhara yapo na kwa upande mwingine. Kuna mwalimu havuti, hanywi, hajawahi kukanyaga machimbo, anakohoa wiki ya tatu sasa na anajitibu kwa tangawizi maana vile "vinavyosababisha" yeye hana hata kimoja. Na ile ya "VVU husababisha TB" ndo mbaya kuliko zote, watu wameshaichukua kwamba mwenye TB ni mwenye UKIMWI tu, kwahiyo mgonjwa anaficha vidonge chini ya godoro, anaruka siku, anaacha kabla miezi 6 haijaisha ili majirani wasimseme.

Kisukari nacho, yaani ile aina ya pili, tunaandikiwa "ni cha kurithi" mtu ambaye mama yake alikuwa na sukari anakata tamaa kabisa, anasema ni damu ya kwetu, wakati alichorithi ni wepesi wa kukipata, na uzito, chakula na mazoezi vina nafasi kubwa ya kuamua. Hilo naliacha, linahitaji barua yake.

Najua mtasema kichwa cha habari kina nafasi ndogo na "husababisha" linaingia vizuri. Mbona "Wachimbaji hatarini kuugua TB" ni fupi tu? Na ndani ya habari mna "huchangia", mna "huongeza hatari ya", mna "humfanya mtu awe mwepesi wa kuugua". Mwandishi akiona hana uhakika amuulize daktari hapo hapo maswali mawili, je asiye na hicho kitu anaweza kuugua, na je mwenye nacho lazima augue? Akijibiwa ndiyo kwa la kwanza na hapana kwa la pili, basi asiandike husababisha.

Na mkija tena kuandika habari za wachimbaji nawaomba sana muweke sentensi moja ya familia zao, kwamba mgonjwa akigundulika wote wanaolala naye nyumba moja waende kituoni, hata mtoto ambaye hakohoi.

Ni mimi msomaji wenu,
Arusha