Jua ni la Bure, Basi Picha za Kuku Zina Bei ya Nini?

Kila baada ya kazi mbili tatu, ujumbe huu unaingia kwenye simu ya ofisi yetu ya kupiga picha za kuku: "Mmekuja bila taa hata moja, mmekaa saa mbili mnapiga kwa jua la Mungu, halafu mnanitoza hela yote hiyo?" Mteja mmoja aliomba apunguziwe kwa kuwa umeme wake haukutumika. Tunajibu hapa mara moja, ili anayetaka kutuita ajue analipia nini, na anayeona ni ghali apige mwenyewe lakini apige vizuri.

Taa tunazo. Hatuzitumii kwa sababu zinaharibu mwonekano wa manyoya. Ule ukijani unaometa kwenye mkia wa jogoo mweusi si rangi iliyopakwa ndani ya nyoya. Unatokana na jinsi nyoya lenyewe lilivyoumbika ndani na pembe ambayo mwanga unaliangukia. Flashi ikipigwa kutoka mbele, mng'ao unageuka mabaka meupe na jogoo anaonekana kama amelowa mafuta. Mwanga laini wa pembeni, kutoka anga kubwa, ndio unaoonyesha nyoya mojamoja. Ukiongeza kwamba flashi inamshtua kuku na kukuachia picha ya mgongo wake akikimbia, taa zinabaki kwenye gari.

Tatizo ni kwamba mwanga huo hauchelewi kuondoka. Huku Dar es Salaam na Pwani jua likichomoza linapanda karibu wima, nyuzi zinazokaribia 15 kwa kila saa. Tunachokipata ni kuanzia saa 12:40 hivi hadi saa 2:30 asubuhi, na jioni kuanzia saa 10:45 hadi jua kuzama. Kukiwa na wingu jepesi lililotanda, tunaongezewa saa moja. Baada ya hapo kivuli cha upanga, ule wekundu wa kichwani mwa kuku, kinaangukia jicho, kifua kinakuwa cheusi, mgongo unaungua mweupe. Kwa hiyo asubuhi moja kwetu ni kuku wasiozidi 12, mmojammoja, na bei yetu ni ya asubuhi nzima wala si ya idadi ya picha.

Njia ya mkato tunayoombwa kila siku ni hii: "Njooni saa 6, ndiyo nafasi yangu." Saa 6 mchana kuku ana joto. Hana jasho, anajipoza kwa kuhema, kwa hiyo anaachama mdomo na kuinua mabawa mbali na mwili. Mnunuzi aliyeko Dodoma akiiona picha hiyo anamwona kuku mgonjwa, na hata umweleze vipi hakuelewi. Kuna mfugaji wa kuchi, wale kuku warefu, aliyetangaza majogoo wake kwa picha za mchana. Maswali aliyopata yote yalihusu mafua na kideri, hakuna aliyeuliza bei. Akalazimika kupigisha picha upya asubuhi, gharama mara mbili.

Kama mchana hauepukiki, tunasimamisha mianzi minne yenye urefu wa mita 2 na kutandaza juu yake kitambaa cheupe chembamba cha mita 2 kwa 2, kile cha kushonea pazia. Upande wa kivuli tunaegesha viroba vyeupe vya chakula vilivyochanwa na kufunguliwa, vinarudisha mwanga chini ya tumbo. Karatasi ya alumini hatutumii. Inameta, inapiga kelele, na kuku mmoja akishtuka wote wanashtuka. Turubai la bluu nalo ni janga. Kuku mweupe akipigwa chini yake anatoka wa bluu, na ukijaribu kumsahihisha kwenye kompyuta rangi ya upanga nayo inaharibika.

Miti nayo si sawa yote. Mwembe mkubwa una kivuli kizito na kilichotulia. Mkalishe kuku ukingoni mwa kivuli, uso wake ukielekea kwenye uwazi, na jicho lake litapata nukta ya anga. Jicho lisilo na nukta hiyo linaonekana la kuku aliyekufa. Mnazi unapitisha mwanga vipandevipande, kuku mweupe anatoka na mabaka na mnunuzi anauliza ni mbegu gani hiyo. Angalia na ardhi pia: udongo mwekundu unarusha rangi ya chungwa kifuani. Tunafunika mahali kwa nyasi kavu au pumba, na tunaweka kadi ya kijivu kando ya kuku wa kwanza ili waiti balansi (kipimo kinachofanya cheupe kitoke cheupe) ipimwe hapo hapo badala ya kubahatishwa baadaye.

Sasa kamera, kwa wenye kutaka kujaribu. Kuku anapotembea, kichwa chake kinasogea kwa mikupuo: kinatangulia ghafla, kinatulia kidogo mwili ukikifuata, kisha kinaruka tena. Unapiga kwenye ule utulivu, na unapiga mfululizo. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, ya sekunde 1/500 inatosha kwa kuku aliyesimama. Anayetembea anataka 1/1000, na anayepiga mabawa au kuoga vumbi anataka 1/2000. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ipande hadi 1600 bila woga, chembechembe kidogo ni nafuu kuliko kichwa kilichofifia.

Lenzi ya milimita 200 tundu lake likifunguliwa hadi f/2.8, ukiwa mita 3 kutoka kwa kuku, kwa kamera ya sensa kubwa, sehemu inayotoka kali haifiki sentimita 4. Jicho litakuwa safi na mkia umepotea. Ndiyo maana tunamgeuza ubavu kabisa, mwili wote ukae kwenye umbali mmoja, na tunaifunga lenzi hadi f/5.6. Fokasi iko kwenye jicho, si kifuani. Na mpigaji alale chini. Lenzi iwe usawa wa jicho la ndege, sentimita 30 hadi 40 kwa tetea wa kawaida, juu zaidi kwa kuchi. Ukipiga umesimama unamkata miguu, kuchi mrefu anageuka mfupi, na urefu ndio alioulipia mnunuzi. Simu inayosogezwa karibu sana inafanya kosa lingine: kichwa kikubwa, mwili mdogo. Rudi nyuma, tumia lenzi ya mbali kama simu inayo, na zima ile programu ya kufifisha nyuma. Inakata meno ya upanga na vidole kama mkasi butu.

Rangi ndizo zinazotuletea malalamiko mengi. Kamera inataka kila kitu kiwe kijivu. Bata mweupe akijaza fremu, inamfifisha, hivyo ongeza mwangaza wa picha hadi nafasi 1 (stopu moja). Bata huyohuyo akiwa mdogo mbele ya banda lenye giza, inafanya kinyume, inaliangaza giza na kumuunguza bata, hapo punguza theluthi mbili. Nyoya jeupe lililoungua halirudi, hata kwa faili la RAW, lile ghafi la kamera. Upanga mwekundu ndio mtego mkubwa zaidi: histogramu (grafu ya mwanga kwenye kamera) ya jumla inaweza kuonekana salama huku nyekundu peke yake imeshafika ukingoni, na upanga unatoka kama plastiki. Tazama nyekundu yake pekee, upunguze theluthi moja.

Halafu kuna kope ya tatu. Ndege ana ngozi nyembamba inayopita juu ya jicho kutoka pembeni kwa kasi kuliko uwezavyo kuiona. Kwenye picha jicho linatoka la kijivu, na mnunuzi anasema kuku ana mtoto wa jicho. Kati ya picha 40 za kuku mmoja tunakukabidhi 4 au 5 kwa sababu kama hizi. Hatukufichi zilizobaki, ni takataka.

Kila ndege ana masharti yake. Kanga hatumtengi na wenzake, akibaki peke yake anapiga kelele na kurukia wavu. Tunawapiga watatu wanne kwa pamoja. Bata mzinga dume anabadili rangi ya kichwa na shingo, nyekundu, nyeupe, bluu, kadiri anavyosisimka, kwa hiyo tunampiga akiwa ametulia na tena akiwa amejitanua mbele ya majike. Vifaranga wa siku moja ndio pekee tunaokataa kuwapiga alfajiri. Wiki ya kwanza wanahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, nao wakisinyaa kwa baridi hakuna picha itakayowafaa. Tunawapiga saa 4, ndani, kando ya dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja, dakika tano kisha wanarudi kwenye bruda, chumba chao cha joto.

Kuna gharama ambayo mteja haioni kabisa. Mpiga picha anayetoka banda hadi banda anaweza kubeba kideri kwenye soli ya kiatu. Hatwendi mashamba mawili siku moja. Gamboti zinasuguliwa tope lote kwanza, maana dawa haifanyi kazi juu ya kinyesi, ndipo zinaingia kwenye dawa ya kuua vijidudu, na kitambaa cha chini kinafuliwa kila safari. Anayekutoza nusu ya bei yetu na kupita mashamba manne kwa asubuhi moja, muulize viatu vyake.

Kuhusu kurekebisha: vumbi tunafuta, kinyesi kwenye nyasi tunafuta. Upanga uliopauka hatuuongezei wekundu, na nyoya la mkia lililokatika haliwekwi jipya. Mfugaji mmoja alizipitisha picha zetu kwenye filta ya simu, tetea wa kahawia wakawa wekundu wa kung'aa. Mnunuzi akasafiri kutoka Morogoro, akakataa mzigo bandani, akadai nauli. Kuku wako akiwa anabadili manyoya, tusubiri amalize, hata kama ni miezi miwili. Na usizitume picha kwa WhatsApp kama picha, zinabanwa hadi manyoya yanakuwa uji. Zitume kama dokumenti.

Ukituita, kuku wasifunguliwe hadi tufike. Waliopangwa kupigwa wawekwe kwenye tenga au chumba cha pembeni tangu jioni, maji wapate, chakula cha asubuhi kisubiri. Gole, kile kifuko cha chakula chini ya koo, likijaa kifua kinaonekana kimepinda, na mwenye njaa kidogo atafuata punje za mahindi hadi pale tunapotaka asimame. Miguu yenye tope isuguliwe kwa mswaki na maji siku ya kabla. Kuku mweupe aoshwe siku mbili kabla ili manyoya yapate kukauka na kujipanga. Awepo mtu anayewalisha kila siku, wanamzoea yeye, sisi hatuwajui.

Mvua ikinyesha tunasogeza siku bila nyongeza. Tukifika saa 12:30 tukakuta kuku wameshatawanyika shambani, asubuhi hiyo inahesabiwa kuwa imetumika.