Mtoto anayetaka historia ya sanaa asikatazwe

Mhariri,

Mwezi uliopita mzazi mmoja alinijia shuleni akiwa na wasiwasi, kwa sababu bintiye, ambaye nimemfundisha sanaa kwa miaka mitatu, amesema anataka kusomea historia ya sanaa ili afundishe, aandike na aandae maonyesho. Aliniuliza kwa adabu: "Mwalimu, mtoto huyu atakula nini?" Swali hilo ni la haki, na kwa kuwa wazazi wengi hapa Mombasa wanalo moyoni, naomba nafasi nilijibu hadharani.

Ni kweli kwamba maonyesho peke yake hayalipi kodi ya nyumba. Anayeyaandaa hulipwa mara moja baada ya kazi ya miezi, na makala hulipa kidogo zaidi. Kinachompa mtu mshahara wa kila mwezi ni darasa. Ndiyo maana wengi waliosifika katika kazi hii waliunganisha kuandaa maonyesho, kuandika na kufundisha. Okwui Enwezor, mzaliwa wa Nigeria, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Nka, jarida la sanaa ya kisasa ya Afrika, mwaka wa 1994, akaongoza Documenta, maonyesho makubwa ya kimataifa ya sanaa ya kisasa mjini Kassel, Ujerumani, mwaka wa 2002, kisha akawa mkuu wa masomo katika chuo cha sanaa cha San Francisco. Bisi Silva alifungua kituo cha sanaa Lagos mwaka wa 2007, na kituo hicho kikaanzisha shule ya kuhamahama iliyowafunza wasanii na waandaaji chipukizi Lagos, Accra, Dakar na Maputo.

Hata hivyo, mfano ninaoujua vyema ni wa hapa nyumbani. Mwaka jana wanafunzi wangu waliandaa maonyesho ya siku moja ya leso (kanga) za zamani, zilizotolewa katika masanduku ya nyanya zao. Niliwaagiza kila leso iwe na maelezo yasiyozidi maneno 60, nikidhani ni kazi ya jioni moja, nayo ikachukua wiki mbili. Kueleza pindo la leso, mji wake, yaani sehemu ya katikati, na jina lake, yaani usemi ulioandikwa juu yake, kulikuwa kwepesi. Tatizo lilikuwa umri wake. Leso moja ilikuwa na alama ya Mali ya Abdulla, duka la Barabara ya Biashara lililoanza mwaka wa 1887, lakini alama hiyo haitoshi kuthibitisha mwaka, kwa kuwa nakshi inayopendwa huchapishwa tena na tena. Mwanafunzi aliandika mwaka aliotajiwa na mjombake. Nyanya mwenye leso aliposomewa, alikataa, akasema aliivaa siku ya harusi ya dadake mkubwa, kabla mjomba huyo hajazaliwa. Ikabidi waulize majirani, walinganishe picha za harusi, wachunguze aina ya herufi za maandishi yake, maana leso za kale zaidi ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha waandike upya. Kwa wiki mbili hizo watoto wale walikuwa wanahistoria wa sanaa, nami nilijifunza pamoja nao jambo ambalo sikufundishwa chuoni.

Kuna sababu nyingine inayonisukuma kuandika. Mwaka wa 2017 jumba la sanaa la Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, lilifungua maonyesho makubwa ya sanaa ya Waswahili, baadhi ya vyombo vikiwa vimeazimwa kutoka makumbusho ya Kenya, na baadaye yakapelekwa Washington. Wasomi walioyaandaa walifanya kazi ya heshima. Lakini ninatamani siku ambapo mtu wa pwani ataandika kwa Kiswahili juu ya mfaa wa mlango, zidaka za ukutani na njumu za kiti cha enzi, akiyatumia maneno hayo kama alivyoyasikia kwa babake, bila kuyatafutia visawe kwanza.

Sasa kuna nafasi ambayo sisi hatukuwa nayo. Gredi ya 10 imeanza Januari 2026, na mojawapo ya njia tatu za sekondari ya juu ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Wanafunzi hao watahitaji walimu wanaoweza kuwaeleza sanaa ya pwani yao, si kuwafunza kuchora tu. Binti wa mzazi yule anaweza kuwa mmoja wa walimu hao, afundishe siku za juma, na jioni aandike maelezo ya maonyesho yake. Njia hiyo ni ndefu na nisingependa kumdanganya mtu kuhusu ugumu wake, lakini ipo.

Kwako wewe, Mhariri, nina ombi. Itengeeni tahakiki ya maonyesho ya sanaa nafasi katika gazeti hili, hata nusu safu kwa mwezi. Wanafunzi wangu watatu wamekwisha kuandika makala kuhusu zile leso, na nyanya wamezisomewa na kuzipitisha. Nitazileta ofisini kwenu mkiniruhusu.

Mwalimu wa sanaa,
Mji wa Kale, Mombasa