Mpagazi akishukia Budadiri, nani amrudishe Endebess?

Kwa Mhariri,

Kiangazi kimefika na wageni wa Mlima Elgon wameanza kupiga simu. Siku hizi wengi hawataki kupanda na kurudi walikotoka. Wanataka kuvuka: waingilie lango la Chorlim upande wa Kenya, walale chini ya kilele cha Koitobos, washuke hadi chemchemi za maji moto kando ya Mto Suam mpakani, wakatize kreta mpaka kilele cha Wagagai, mita 4,321, kisha wateremkie Budadiri, Uganda, kwa njia ya pango la Mude. Safari hiyo ni nzuri mno na sina neno nayo. Neno langu linamhusu anayebeba mahema.

Sisi wapagazi hulipwa kwa siku, na siku zetu huhesabiwa kwa miguu ya mgeni. Akishaingia garini pale Budadiri kwenda kutazama maporomoko ya Sipi, hesabu imefungwa. Mimi nabaki barabarani na buti zilizolowa, mlima mzima ukiwa kati yangu na nyumbani. Kurudi kwa miguu peke yangu haiwezekani, maana mbugani hatupiti bila askari mwenye bunduki. Basi ni kuuzunguka mlima kwa gari: Sipi, Kapchorwa, Suam mpakani, hadi nyumbani Endebess. Namshukuru Mungu barabara ya Kapchorwa hadi Suam, kilomita 73, sasa ni ya lami, na mpakani kitambulisho kinatosha. Lakini lami hailipi nauli. Ukichelewa, unalala njiani kwa pesa ile ile uliyopanga kununulia unga.

Mwenye kampuni mmoja, simtaji, aliniambia nauli imo ndani ya bahashishi. Bahashishi ni hiari ya mgeni, na mgeni mwenyewe hajui kama nina safari nyingine mbele yangu.

Wapo wanaobadilisha wapagazi pale chemchemi, wenzetu wa Uganda wakapanda kutupokea. Mpango huo naupenda, kwa kuwa Wasebei ni ndugu zetu Wasabaot na kazi ni yetu sote. Hata hivyo, kutoka chemchemi hadi Chorlim ni kuukwea mlima upya, na siku hizo haziandikwi popote. Utadhani chemchemi zina mlango wa nyuma unaotokea Endebess.

Kilimanjaro wenzetu hupimiwa mizigo langoni, mwisho kilo 20 kwa mtu. Nao pia huingilia lango moja na kutokea lingine, Machame kisha Mweka, lakini malango yote mawili yako upande wa Moshi. Letu la kutokea liko nchi ya watu.

Ninachoomba ni mstari mmoja kwenye mkataba: siku za kurudi zilipwe kama siku za kwenda, pamoja na nauli, na mgeni aione bei hiyo kabla hajalipa. Aliyekata tiketi ya ndege kutoka Ulaya hatakimbia kwa sababu ya nauli ya Suam.

Jambo la mwisho. Tunaporudi, mgongoni tuna mahema, masufuria na majiko ya gesi, na vyote ni mali ya kampuni. Kama siku hiyo si ya kazi, vitu hivyo na vibaki Budadiri mpaka mwenyewe avifuate.

Mpagazi,
Endebess, Kaunti ya Trans Nzoia