Risala ya Wanajeshi Wastaafu Wanaosoma Shahada ya Uzamili ya Usimamizi wa Biashara kwa Mgeni Rasmi, Moshi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa wakuu wa vyuo na wahadhiri wetu,
Maafisa na askari mlio kazini na mliostaafu,
Wenzi wetu na wanafunzi wenzetu,
Mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima wa kukutana hapa Moshi siku ya leo, na tunakushukuru wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuupokea mwaliko wetu licha ya majukumu mengi uliyo nayo. Tunaokusomea risala hii ni wanajeshi wastaafu wa vyeo mbalimbali, pamoja na baadhi ya wenzi wetu, tunaosoma au tunaojiandaa kusoma shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara katika vyuo vya Kilimanjaro na Arusha. Yapo mengi ya kusema, lakini tumekubaliana tukuletee moja: kwamba msaada wa masomo kwa mwanajeshi unafaa uanze kabla hajakabidhi sare, kwa sababu akishaikabidhi, ada yake itatoka kwenye kiinua mgongo, na kiinua mgongo kina wenyewe wengi wanaokisubiri.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ukanda wetu huu umejaliwa vyuo vya pande zote mbili. Monduli ndiko wanakofundwa maafisa, na Duluti kuna Chuo cha Ukamanda na Unadhimu. Kwa upande wa biashara na uongozi, Arusha wana ESAMI, taasisi ya mafunzo ya usimamizi ya nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, na Chuo cha Uhasibu, nasi hapa Moshi tuna Chuo Kikuu cha Ushirika, kilichoanza mwaka 1963 kama Chuo cha Ushirika na kupata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2014. Kwa afisa kijana milango imeanza kufunguka, maana mafunzo ya kijeshi na masomo ya shahada siku hizi yanaanza kwenda pamoja. Aliyebaki nje ni yule aliyeingia jeshini na cheti cha kidato cha nne, akajiendeleza polepole, pengine kupitia Chuo Kikuu Huria ambacho kinamfaa mtu wa uhamisho wa mara kwa mara, akapata shahada ya kwanza akiwa na mvi, na sasa anarudi uraiani akiwa na nguvu za kufanya kazi miaka mingine mingi.

Mtumishi wa kawaida wa umma hustaafu kwa hiari akiwa na umri wa miaka 55 na kwa lazima akifika miaka 60. Askari wengi, hasa wa vyeo vya chini na vya kati, hutoka mapema zaidi, wakati watoto bado wako sekondari. Siku hiyo hukabidhiwa fedha nyingi kuliko alizowahi kuzishika maishani, na hukabidhiwa akiwa hajawahi kulipa kodi ya pango la biashara, wala kukadiriwa mapato na TRA, wala kuajiri mtu aliyeweza kumwachia kazi na kuondoka. Wengi hununua basi dogo au hujenga nyumba ya kulala wageni, na tunaomba tulieleze hili la basi kwa kirefu kidogo, kwa kuwa ndilo linalowaumiza wengi. Dereva analeta hesabu ya siku, mstaafu anatoa mafuta na posho, kinachobaki anakiita faida na kukitumia nyumbani. Hakuna anachotenga kwa ajili ya uchakavu wa gari, matairi, bima na matengenezo makubwa ya injini. Kwa muda fulani basi linaonekana linalipa vizuri, kumbe anachokula ni basi lenyewe. Jambo hili hufundishwa katika wiki za mwanzo za somo la uhasibu, na baadhi yetu tulipolisikia darasani tulitazamana tu, kwa sababu magari yalikuwa yameshauzwa kwa bei ya chuma chakavu.

Ndiyo maana tunasema suala ni wakati. Elimu ileile, ikitolewa miaka miwili kabla ya kustaafu, inalinda kiinua mgongo. Ikitolewa miaka miwili baada ya kustaafu, inamweleza mtu namna kilivyopotea.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatuji mbele yako kama watu wasiojua kitu. Aliyesimamia bohari ya kikosi amewajibika kwa kila blanketi, kila lita ya mafuta na kila risasi, na akipungukiwa hajibu kwa maneno. Waliokwenda kulinda amani Darfur, Lebanon na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wamepanga ugavi katika mazingira ambayo barabara ya jana leo haipo. Vyama vya msingi vya kahawa vilivyo kwenye miteremko ya mlima huu vinahitaji watu wa namna hiyo kwenye maghala na kwenye vitabu vya hesabu, na tunaamini kwamba mwanajeshi mstaafu mwenye shahada ya uzamili angekuwa meneja mzuri wa chama cha ushirika kabla hajawa kitu kingine chochote. Wengine watatuambia tulenge kampuni za ulinzi. Hatuzidharau, lakini kumfikiria mstaafu kwa lango na kirungu pekee ni kumpunja.

Ugumu uko kwenye kusomeka kwa utumishi wetu. Hati ya utumishi mara nyingi hutaja miaka, cheo na mwenendo, na mengine mwenyewe haruhusiwi kuyaandika. Mwenzetu mmoja alipoomba nafasi katika chuo ambacho hatutakitaja, aliulizwa ana uzoefu gani wa uongozi. Akajibu kwamba aliongoza watu zaidi ya mia moja, akatakiwa alete mkataba wa ajira unaoonyesha hivyo. VETA tayari wanapima na kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini, na Tume ya Vyuo Vikuu ina utaratibu wa kutambua maarifa ya watu wanaotaka kuingia shahada ya kwanza bila kupitia njia ya kawaida. Tunachoomba ni fikra hiyohiyo ifikishwe kwenye shahada ya uzamili, ili kozi ya ugavi, ya utawala au ya ukamanda aliyoifuzu mtu ihesabiwe kuwa na uzito fulani.

Kuna pia jambo la lugha, ambalo halizungumzwi sana. Jeshi letu linaendeshwa kwa Kiswahili, na hiyo ni fahari yetu. Lakini masomo ya uzamili ni ya Kiingereza, na mtu aliyeandika taarifa fupi za Kiswahili kwa zaidi ya miaka ishirini anapoambiwa aandike kurasa nyingi za Kiingereza zenye hoja, pingamizi na takwimu, anashindwa kwa sababu ambayo haina uhusiano na akili yake. Tena taarifa ya kijeshi hufundishwa iwe fupi na isiyo na shaka, wakati mhadhiri hutaka shaka zote zionekane kwenye karatasi. Kozi ya maandalizi ya miezi michache, yenye Kiingereza cha kitaaluma, hisabati na matumizi ya kompyuta katika takwimu, ingewaokoa wengi wanaoacha masomo katika muhula wa kwanza. (Kuitwa “afande” na mhadhiri aliye na umri wa mtoto wako tumeshakuzoea, na wala hakuna anayelalamika.)

Wenzetu wa Marekani walilifanyia kazi suala hili mapema, nasi tumejifunza kwao mazuri na makosa. Sheria iliyotiwa saini na Rais Roosevelt tarehe 22 Juni 1944 iliwalipia ada na posho askari waliotoka Vita Kuu ya Pili, na hadi mpango huo ulipofungwa mwaka 1956, watu wapatao milioni 7.8 walikuwa wamepata elimu au mafunzo, zaidi ya milioni mbili kati yao vyuoni. Hata hivyo, askari weusi, hasa wa majimbo ya kusini, walizuiwa kwa njia nyingi kufaidi haki hiyohiyo, na shule za ujanja ziliibuka kuvuna ada za serikali. Sheria iliyoanza kutumika Agosti 2009 inatoa hadi miezi 36 ya masomo, yakiwemo ya uzamili, na inamruhusu mwanajeshi aliyetimiza masharti kumhamishia mwenzi au mtoto haki hiyo akiwa bado kazini. Pale ambapo ada ya chuo inazidi kiwango cha serikali, upo mpango uitwao Yellow Ribbon, ambapo chuo hubeba sehemu ya pengo na serikali huongeza kiasi kilekile. Chuo Kikuu cha Syracuse nacho kilianzisha mwaka 2007 mafunzo ya ujasiriamali kwa askari waliopata ulemavu vitani. Hatuombi fedha za kiwango cha Marekani. Tunachokitamani ni ule mpango wa chuo na serikali kugawana pengo, pamoja na haki ya mwenzi, kwa sababu wake zetu waliendesha genge na duka kambini huku wakihamishwa kila mara wateja walipoanza kuzoea.

Tungependa pia isieleweke kwamba tunashindana na wazee wetu waliopigana Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Hao wanahitaji matibabu na pensheni inayotosha, na kama fungu ni moja, waanze wao.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba ofisi yako iwakutanishe Wizara ya Ulinzi, Tume ya Vyuo Vikuu na vyuo vya mikoa hii miwili, ili mwanajeshi mwenye shahada ya kwanza aruhusiwe kuanza masomo ya jioni au ya likizo katika miaka yake miwili ya mwisho ya utumishi, na asiye na shahada apate angalau kozi fupi ya hesabu za biashara kabla ya kupokea mafao yake. Tunaomba vyuo vikubali kuanza na wanafunzi wachache kwa ada iliyopunguzwa, na sisi tulio darasani tayari tutawasaidia katika masomo ya jioni bila malipo. Chumba tunacho, ubao tunao. Tunachokosa ni kompyuta na mwalimu wa Kiingereza wa kudumu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.