Mafunzo ya mazingira yaanzie kwa mwajiri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wanaoendesha mafunzo ya kazi za mazingira kwa vijana hapa Mwanza. Nilifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha minofu ya sangara, mwishoni nikiwa msimamizi wa zamu upande wa majitaka. Sasa nimestaafu, na vijana wa mtaani kwangu Igogo huja na vyeti vyao kuniuliza wavipeleke wapi.

Swali hilo waandaaji walipaswa kujiuliza kabla hawajaandikisha kijana hata mmoja. Kawaida somo huandaliwa, ukumbi hutafutwa, vijana hufundishwa tabianchi, upandaji miti na usafi wa fukwe. Mafunzo yakiisha ndipo barua zinapelekwa viwandani kuomba wapokelewe. Ofisi ya utumishi huigonga mhuri na kuiweka kwenye faili. Siwalaumu, kwa sababu barua haisemi kijana anajua kufanya nini.

Waandaaji waje kwanza wasimame kiwandani saa ya kuosha sakafu. Maji yanayotoka hapo yamejaa damu, magamba na mafuta. Yakifika ziwani hivyo hivyo, bakteria wanaouozesha uchafu huo humaliza oksijeni ya maji, na rutuba inayobaki huyanenepesha magugu maji. Ndiyo maana anahitajika mtu wa kusafisha chujio kabla halijaziba, kutoa mafuta yaliyoganda, kupima kama maji yana tindikali, kuchukua sampuli kwenye chupa safi na kuifikisha maabara ingali baridi, na kuandika kila kitu kwenye daftari ambalo mkaguzi wa NEMC, chombo cha serikali cha kusimamia mazingira, atalifungua siku akija. Hiyo ni kazi ya mazingira, na ina mshahara. Aliyemaliza kidato cha nne anaiweza, mradi aifanye kwa mikono yake chini ya mtu anayeijua.

Na mtu huyo ndiye wa kuzungumza naye. Mkurugenzi atakubali mbele ya kamera, lakini anayeamua kama mwanafunzi atajifunza au atashikishwa fagio miezi yote ni msimamizi wa zamu. Mwiteni kwenye kikao cha kupanga mafunzo. Muulizeni kazi gani inamnyima usingizi, aitaje kwa maneno yake, na somo lijengwe juu ya hayo aliyoyasema. Kijana akifika, msimamizi atamwona kama mtu wake, si mzigo aliotwishwa na ofisi.

Kuna hofu ambayo waajiri hawaisemi vikaoni: kwamba kijana ataupiga picha mfereji wao na kuwashtaki. Msiipuuze, lakini msikubali pia mkataba wa kumfunga kijana mdomo, maana maji ya ziwa hili ndiyo tunayokunywa. Naona ni heri NEMC wa Kanda ya Ziwa wawepo tangu kikao cha kwanza, mwajiri aeleze kasoro zake na lini atazirekebisha, na vijana washiriki katika marekebisho hayo. Wenye viwanda hawajasahau mwaka 1999, Ulaya ilipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya uvuvi wa sumu. Waliona jinsi soko linavyofungwa ghafla. Hoja hiyo inawaingia kuliko hotuba yoyote.

Viwanda vya minofu peke yake havitatosha. Ziko gereji zenye oili chafu isiyo na pa kwenda, wako wafanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, viko vikundi vya kuzoa taka zinazoishia dampo la Buhongwa. MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, wamepitisha mabomba ya majitaka kwenye milima yetu ya mawe, na mabomba hayo huziba kwa mchanga na matambara. Nani anazijua njia za huko juu kuliko vijana waliozaliwa huko?

Nauli, buti, glavu, na nani atamtibu kijana akiumia, haya yaandikwe mapema. Nimeona mwanafunzi akirudishwa getini kwa kukosa buti.

Mwajiri mwenye wafanyakazi kumi au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi. Ana haki ya kuketi na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na kusema anataka fundi wa namna gani, na wengi wangependa kuombwa hivyo kuliko kuombwa msaada.

Ombi langu kwa VETA, Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela ni hili: kabla hamjapokea vijana wengine, waiteni wasimamizi wa zamu wa maeneo hayo wakae chumba kimoja na walimu. Sisi wastaafu tuliobaki tunayajua mabwawa na mitambo ya majitaka. Nipo tayari kuja kufundisha bila posho, na ninao wenzangu ambao wameniambia hivyo hivyo.

Msimamizi wa zamu mstaafu,
Igogo, Mwanza